Sura ya Tano: Msomaji wa Kapkatet na Maiti ya Uswidi

Mtu ameamka alfajiri, amechuma majani chai tangu umande haujakauka, amekaa kwenye foleni ya mizani mpaka lori la kiwanda likafika. Usiku, badala ya kulala, anafungua kitabu kinachoanza na maiti ya mwanamke huko Uswidi. Anatafuta nini humo?

Swali hilo huulizwa sana katika nchi ya chai, na kila mtu ana namna yake ya kuliuliza. Mzazi huuliza kwa hofu: mwanangu hataharibika akili? Mwalimu huuliza kwa lawama, maana vitabu teule vya mtihani vinasubiri mezani. Msomaji mwenyewe huuliza kwa mshangao, anapofunga kitabu saa saba za usiku na kugundua kwamba badala ya kuogopa ametulia. Utulivu huo ndio nitakaoufuatilia katika sura hii, kwa sababu naamini jibu limo humo.

Kwanza tuelewane. Riwaya ya upelelezi ni hadithi ndefu inayoanza na uhalifu, mara nyingi mauaji, kisha ikamfuata mtu au kikundi kinachotafuta aliyetenda ni nani na kwa nini alitenda. Skandinavia ni eneo la kaskazini mwa Ulaya lenye Uswidi, Norwei na Denmark; wauza vitabu huziweka Iceland na Ufini kwenye rafu hiyo hiyo. Kapkatet, kwa msomaji wa mbali, ni mji mdogo wa Kaunti ya Kericho, kwenye barabara itokayo Litein kwenda Sotik, karibu na mpaka wa Bomet. Una hospitali, una kiwanda cha chai cha wakulima wadogo, na ukitoka nje kidogo tu unaingia kwenye mashamba ya kijani.

Giza si la hali ya hewa

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba vitabu hivi vimezaliwa na baridi na usiku mrefu. Mwezi Desemba jua la Stockholm huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Watu hujifungia ndani, tunaambiwa, wakaanza kuwaza mauaji.

Hebu tulipime jibu hilo hapa. Kapkatet haijafika hata nyuzi moja kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, awe mtu amefurahi au amehuzunika. Baridi tunaijua, hilo sipingi. Huku ni nyanda za juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukungu hushuka hadi barabarani, na mvua ya mawe ya Kericho inajulikana na kila mkulima aliyewahi kukuta majani yake yametobolewa siku aliyopanga kuyachuma. Lakini hakuna anayesoma kurasa 400 kwa sababu ya ukungu.

Ushahidi ulio bora zaidi umo ndani ya vitabu vyenyewe. Riwaya ambayo wengi huihesabu kuwa chimbuko la mtindo huu inaitwa Roseanna, nayo ilitoka mwaka 1965. Inaanza mwezi Julai, kiangazi cha huko, mchana kweupe. Mashine ya kuzoa tope inasafisha mfereji wa Göta, na katika tope hilo unainuliwa mwili wa mwanamke. Watalii wanapita na mashua. Theluji haipo. Giza la kitabu hicho liko kwingine kabisa.

Askari mwenye mafua

Roseanna iliandikwa na watu wawili, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waliokuwa wakiishi pamoja na kulea watoto. Waliandika usiku watoto wakishalala, kila mmoja akishughulikia sura yake. Walikusudia tangu mwanzo kuandika riwaya kumi na wakazitimiza, kati ya 1965 na 1975, mwaka aliofariki Wahlöö.

Shujaa wao, Martin Beck, ni askari mpelelezi wa Stockholm. Tumbo linamsumbua, mafua hayamwachi, na ndoa yake inapoa mwaka hata mwaka. Hapigi ngumi za ajabu wala haruki kutoka gari hadi gari. Anangoja simu. Anasoma maelezo ya mashahidi, anayarudia, anayarudia tena. Anawaandikia polisi wa nchi nyingine na kusubiri majibu. Mwanamke aliyetolewa mferejini hana jina, na miezi inapita kabla ya kulijua. Inapita mingine kabla ya kumpata aliyemuua.

Nataka tukae hapa kidogo. Marehemu huyu si mtu mashuhuri. Hana ukoo nchini Uswidi wa kupiga kelele, wala mbunge wa kumuulizia. Mshahara wa Beck ni ule ule faili likifungwa au likibaki wazi, na angelifunga, hakuna ambaye angemlaumu. Halifungi. Kitabu kizima ni habari ya mtumishi wa umma anayekataa mtu asiyejulikana afukiwe bila jina.

Ule utulivu wa saa saba za usiku unatoka hapo. Msomaji amekaa kitabu kizima na mtu anayeamini kwamba kifo cha mnyonge ni deni, na kwamba serikali ndiyo mdaiwa.

Aliyeupeleka mtindo huu mbali zaidi alikuwa mtu aliyeishi nasi upande huu wa dunia. Henning Mankell, Mswidi, aliongoza jumba la maigizo la Teatro Avenida mjini Maputo kuanzia 1986, na kwa miaka mingi maisha yake yaligawanyika kati ya Msumbiji na kwao. Aliporudi Uswidi mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuta chuki dhidi ya wageni imeota. Akaandika Faceless Killers, iliyotoka 1991: wazee wawili, mume na mke, wanavamiwa katika nyumba yao ya shambani, na neno analolitamka bibi kabla ya kukata roho linawafanya watu wawashuku wakimbizi. Mpelelezi Kurt Wallander, wa mji mdogo wa Ystad, analazimika kumtafuta muuaji huku akizuia mji wake usiue wengine.

Wallander ameachwa na mkewe. Anakula ovyo, na baadaye anapata kisukari. Baba yake ni mchoraji anayechora picha ile ile maisha yake yote. Msomaji wa Kapkatet anamfahamu mtu huyo. Amekaa naye kwenye benchi la hospitali akisubiri kupimwa sukari.

Kwa ufupi: Theluji na usiku mrefu ni mapambo. Kinachomshika msomaji ni mpelelezi wa kawaida, mchovu, mwenye maradhi ya kawaida, asiyekubali kufunga faili la mtu asiye na mtetezi.

Wapelelezi wa Kiswahili

Mtu asidhani kwamba sisi tulisubiri Wazungu watufundishe kupenda mafumbo. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na akili kali kichwani. Mauaji yanatokea mahali watu wanapoogopa kwa sababu ya mizimu, naye anaonyesha kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu. Vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Mwaka ule ule wa 1965, Sjöwall na Wahlöö walipotoa Roseanna, Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, hadithi ya upelelezi inayotendeka Dar es Salaam. Stockholm na Dar hazikujuana, lakini katika mwaka mmoja zote mbili zilimtoa askari mpelelezi wa mjini, mtu wa ofisi na simu. Halafu njia zikaachana. Uswidi iliendelea na askari wake mchovu. Kwetu, miaka ya 1970 alikuja Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa kimataifa, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974. Baada yake akaja Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mpelelezi wa kujitegemea mwenye maneno matamu na mikono myepesi.

Nimewapenda wote, na nitawatetea mbele ya mtu yeyote anayewaita takataka za vibandani. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kusoma kitabu kizima bila kulazimishwa kwa sababu ya Musiba na Mtobwa. Hata hivyo, tazama walivyo. Bwana Msa si polisi. Joram Kiango si polisi. Willy Gamba anaitumikia serikali lakini kazi yake ni maadui wa nje, makaburu na mamluki. Hakosi usingizi akimfikiria mfanyakazi wa ndani aliyekutwa amekufa Magomeni. Wala wote watatu hawachoki. Ukimkata Gamba sura ya tatu, sura ya nne anacheza dansi.

Kwa nini askari wa Katalambulla hakupata ndugu wengi? Nadhani sababu ni msomaji. Ili umfuate polisi kurasa 400 ukimtakia mema, lazima kwanza uweze kumwamini. Mtu ambaye amekutana na polisi kwenye kizuizi cha barabarani tu, au mlangoni pa kituo alikoambiwa alete nauli ya askari ndipo kesi yake ishughulikiwe, hawezi kumpa imani hiyo kwa urahisi. Mwandishi anajua hivyo, naye anamtafuta shujaa nje ya kituo. Mswidi anaanza mahali pengine. Ana serikali inayomlipia shule, hospitali na matunzo ya uzeeni kwa kodi aliyokatwa, mfumo unaoitwa dola ya ustawi, na ana mazoea ya kuidai. Riwaya zake za giza ni namna ya kudai: tumewalipa, mbona huyu amekufa?

Koru kaskazini, Mara kusini

Sasa nikuombe usimame Kapkatet na uangalie pande mbili.

Upande wa kaskazini, ukivuka Kericho na kuteremka kuelekea mashamba ya miwa, kuna Koru. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990, Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Robert Ouko, alitoweka kwenye nyumba yake ya shambani huko. Mwili wake ulipatikana kwenye kilima cha Got Alila, umeungua, kichwani pana tundu la risasi. Maelezo ya kwanza ya wakubwa yalielekea kusema kwamba alijiua. Wananchi hawakukubali, na serikali ikaita wapelelezi wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, wakiongozwa na John Troon. Troon alihitimisha kwamba Ouko aliuawa. Ikaundwa tume chini ya Jaji Evans Gicheru. Mwezi Novemba 1991 tume ikavunjwa kabla ya kumaliza kazi. Mtu mmoja alishtakiwa, naye mwaka 1994 akaachiwa huru. Bunge lilichunguza tena miaka kumi baadaye. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa.

Upande wa kusini, ukipita Bomet na kushuka nyanda, kuna Maasai Mara. Septemba 1988 alipotelea huko Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28 aliyependa kupiga picha za wanyama. Baba yake, John Ward, mwenye hoteli huko Uingereza, alikodi ndege, akaja kutafuta, na mabaki ya binti yake yakapatikana yameunguzwa. Akaambiwa kwamba binti ameliwa na wanyama. Ripoti ya daktari aliyechunguza mabaki ilikuwa imebadilishwa maneno ili ifanane na kisa hicho. Mwaka 1989 mahakama iliyochunguza chanzo cha kifo ikakubali kwamba binti aliuawa. Watuhumiwa walifikishwa kizimbani mara mbili, na kesi zikaisha 1992 na 1999 kwa kuachiwa huru. Baba hakuacha. Alirudi Kenya zaidi ya mara 100 na kutumia mali yake nyingi, mpaka uzee ukamkuta kwenye kazi hiyo. Alifariki 2023.

Baba huyo ndiye Martin Beck aliyepita karibu nasi zaidi. Hakuwa na cheo wala sare. Alichokuwa nacho ni kukataa. Na ni haki niseme jambo ambalo wengi wa huku hulisema kwa uchungu: alikuwa na fedha za kukodi ndege na pasipoti iliyofungua milango. Mama wa huku kwetu, wa Chebilat au Mogogosiek, ambaye binti yake hakurudi kutoka kazini mjini hana ndege. Huwa ana picha ya pasipoti ya mtoto na namba ya kuripoti aliyoandikiwa kwenye kikaratasi kituoni.

Kwa hiyo msomaji wa hapa hafungui riwaya ya Uswidi ili akutane na uovu asioujua. Anaufungua ukurasa wa kwanza akiwa na faili zake kichwani, na kile asichokuwa nacho ni ukurasa wa mwisho.

Hata Waswidi wana faili lao. Usiku wa tarehe 28 Februari 1986 Waziri Mkuu Olof Palme, aliyekuwa bega kwa bega na Mwalimu Nyerere katika kuwaunga mkono wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, alitoka kutazama sinema na mkewe, bila walinzi. Alipigwa risasi barabarani katikati ya Stockholm. Mtu mmoja alihukumiwa mwaka 1989, na mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikamwachia. Mwaka 2020 mwendesha mashtaka alimtaja mshukiwa aliyekwisha kufa na kufunga uchunguzi bila kesi kusikilizwa. Nchi iliyojiona imetulia iligundua kwamba haiwezi kumtaja muuaji wa kiongozi wake. Mafuriko ya riwaya za upelelezi za Kiswidi yalifuata jeraha hilo, na sidhani kwamba ni kwa bahati.

Kijani kinachofunika

Kuna jambo la pili linalowavuta wasomaji, nalo linaihusu sana nchi ya chai. Riwaya hizi hupenda mahali pazuri: ziwa tulivu, nyumba safi, nyasi zilizokatwa vizuri. Kisha zinauliza nini kimefukiwa chini yake.

Mfano mzuri unatoka Iceland, nchi ndogo ambayo kwa kawaida mauaji yake ya mwaka mzima huhesabika kwa vidole. Arnaldur Indriðason, katika Silence of the Grave iliyotoka kwa lugha yake mwaka 2001, anaanza na sherehe ya siku ya kuzaliwa kwenye mtaa mpya wa nyumba. Mtoto mchanga anakaa sakafuni akitafuna kitu. Mgeni mmoja anakitazama vizuri na kuona ni mfupa wa mtu. Polisi wanachimba, na mifupa inawarudisha miaka ya vita, kwenye nyumba ambamo mume alimtesa mkewe na majirani wakanyamaza. Mhalifu pengine amekufa zamani. Mpelelezi Erlendur anachimba vilevile.

Hakuna mandhari ya Kenya iliyo laini machoni kuliko hii yetu. Ukiiangalia kutoka barabarani, michai imesawazishwa juu mpaka kilima kinaonekana kimetandikwa zulia. Watalii husimama kupiga picha. Lakini mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuuondoa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na watu karibu 700 wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, kwenye joto, mbung'o na malaria. Waliobaki hai walirudi mwaka 1962 na kukuta hakuna pa kurudi. Familia nyingine nyingi za Kipsigis zilisukumwa nje ya ardhi ambayo leo ni mashamba makubwa ya makampuni. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kuhusu jinsi Uingereza ilivyolishughulikia suala hilo. Mifupa ya Indriðason, kwa msomaji anayejua habari za Gwassi, haiko mbali hata kidogo.

Wala si mambo ya kale tu. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza kwamba walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba ya chai ya kampuni mbili, Kericho na maeneo ya karibu. Mwandishi wa habari aliingia kwa siri kama mtafuta kazi na kurekodi anachodaiwa ili aajiriwe. Wasimamizi kadhaa walisimamishwa, bunge likaagiza uchunguzi.

Soma habari hiyo, kisha usome Stieg Larsson, utaona kwa nini riwaya zake zimeuzwa kwa makumi ya mamilioni. Larsson alikuwa mwandishi wa habari aliyetumia maisha yake kufichua makundi ya chuki nchini mwake. Mwaka 1977, akiwa kijana, alikuwa Eritrea akiwafunza wapiganaji wanawake kutumia mizinga midogo. Alifariki ghafla Novemba 2004 akiwa na miaka 50, kabla ya kuona kitabu chake chochote dukani. Cha kwanza kilitoka 2005, na jina lake la Kiswidi linawataja waziwazi wanaume wanaochukia wanawake. Wanaofukua ukweli humo ni mwandishi wa gazeti na msichana aliyedhulumiwa na mtu aliyepewa mamlaka juu yake. Polisi wanakuja baadaye. Mchuma chai aliyemwona msimamizi akimtenga msichana mpya kando ya wenzake hahitaji kuelezwa hadithi hiyo inahusu nini.

Kwa ufupi: Msomaji wa nchi ya chai anazo sababu zake mbili. Amezungukwa na faili ambazo hazikufungwa kwa haki, na anaishi katika uzuri ambao anajua umefunika mambo.

Chemosit na jirani

Watoto wa Kipsigis walikua wakitishwa na Chemosit, zimwi la usiku lililo nusu mtu nusu ndege, lenye mguu mmoja na mdomo mwekundu unaong'aa gizani. Linaimba, na mtoto mjinga anaifuata sauti akidhani kuna ngoma. Hadithi ile ilikuwa na kazi nzuri: ilimweka mtoto nyumbani jua likizama. Ila ilimfundisha kwamba hatari inatoka porini.

Riwaya za giza zinafundisha kinyume. Anayeua ni daktari wa mji, mfadhili wa timu, mume anayesalimia vizuri. Anajulikana, na mara nyingi mtu mmoja au wawili wameshamshuku wakanyamaza. Sehemu kubwa ya kazi ya Wallander au Erlendur ni kubisha hodi na kukaa jikoni kwa watu wanaojua lakini hawataki kusema. Katika hili wazee wetu wangewaelewa. Kwenye kokwet, baraza la majirani la Wakipsigis, ugomvi uliletwa mbele ya watu wote, kila mtu akasikia. Pale mtenda alipofichika kulikuwa na muma, kiapo kizito ambacho madhara yake yaliaminiwa kuwafuata hata wajukuu wa aliyedanganya. Yote mawili yalilenga ukimya. Sisemi turudi kwenye muma. Nasema msomaji aliyelelewa na wazee wanaojua uzito wa kiapo anaingia kwenye riwaya hizi akiwa tayari anajua kwamba ukimya wa majirani ni sehemu ya kosa.

Zinapoharibika

Si zote ni nzuri, na nisingependa mtu anunue chochote kilichopambwa kwa theluji jaladani. Waandishi wengine wameona kwamba maiti inauza, wakaongeza maiti. Jo Nesbø wa Norwei ni fundi wa kusimulia, lakini katika The Leopard, ya mwaka 2009, anampeleka mpelelezi wake Harry Hole hadi Goma na mlima Nyiragongo, na chombo cha mateso anachokieleza kinachukua nafasi kubwa kuliko watu wa Goma wenyewe. Kongo ya Mashariki imekuwa jukwaa la kutishia wasomaji wa Oslo. Hilo linaniudhi, kwa kuwa mji ule una vifo vyake halisi visivyoulizwa.

Mwanamke anapouawa katika riwaya, nina vipimo vyangu vya kutenganisha kazi nzuri na biashara ya damu:

- Je, tunajifunza aliishi vipi, alipenda nini, nani alimkosa? Au tunaonyeshwa majeraha tu?
- Je, mpelelezi anabadilishwa na kifo hicho, au anakunywa pombe na kusonga mbele?
- Je, muuaji anaelezwa kwa akili zake za ajabu kuliko marehemu anavyoelezwa kwa maisha yake?

Roseanna inafaulu vyote vitatu, ingawa imeandikwa zamani. Nyingi za juzi zinashindwa kile cha kwanza.

Uanzie wapi

Kama hujawahi kusoma hata moja, anza na Roseanna. Ni fupi na haina haraka. Kisha Faceless Killers, hasa kwa mtu anayekumbuka jinsi uvumi ulivyosambaa huku Rift Valley katika ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 na nyumba za majirani zikachomwa. Halafu Silence of the Grave. Anayetaka Nairobi asome Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi, ambamo mpelelezi Mmarekani mweusi anatua Kenya akifuata kifo cha msichana na kukutana na makovu ya Rwanda.

Na kwa kijana wa Kapkatet anayeandika kwenye daftari la shule na anaona haya kusema kwamba anataka kutunga riwaya ya upelelezi: mahali unapo. Kiwanda kinachonguruma usiku kucha msimu wa majani mengi. Kituo cha mizani ambapo kilo zinaandikwa na wengine na kusainiwa na wengine. Wiki ya bonasi mwezi Oktoba, fedha zikiwa mifukoni na wageni wamejaa mjini. Lori linalopita saa tisa usiku bila taa. Unachokosa ni askari wako, na huyo itabidi umtunge kwa uangalifu. Mpe kituo chenye gari lisilo na mafuta. Mpe mkubwa anayepigiwa simu kutoka juu. Mpe mama mmoja anayekuja kila Jumatatu na picha ya pasipoti. Usimfanye Willy Gamba.

Kabla hujaandika mstari wa kwanza, tafuta nakala ya Simu ya Kifo, uisome wiki ile ile unayosoma Roseanna, penseli mkononi, ukitia alama kila mahali ambapo mpelelezi angeweza kuacha na hakuacha.